Kigawo na Kigawe: Sarufi ya Kiswahili katika Programu za Kuhesabu Vigawo vya Namba

1. Utangulizi

Suala la uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi limejadiliwa kwa muda mrefu, na mara nyingi limejadiliwa kana kwamba ni suala la msamiati peke yake. Wanaoutilia shaka uwezo huo huorodhesha dhana ambazo hazijapata istilahi. Wanaoutetea hujibu kwa orodha za istilahi zilizokwisha kubuniwa. Mjadala wa namna hiyo hauna mwisho, kwa kuwa sayansi huzaa dhana mpya kila mwaka, na hakuna lugha isiyolazimika kuzifuata kwa nyuma. Swali la msingi zaidi ni jingine: je, sarufi ya Kiswahili, yaani viambishi vyake, viunganishi vyake na namna yake ya kuunda nomino kutokana na vitenzi, inaweza kubainisha wazo kwa ukamilifu unaotakiwa na kazi isiyovumilia utata hata kidogo?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa mfano mmoja mdogo: mifuatano ya namba inayopatikana kwa kuhesabu vigawo, pamoja na programu za kompyuta zinazoizalisha. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, dhana zake za awali hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, hivyo maneno yake si ya kubuniwa leo. Pili, hesabu zake ni nyepesi kiasi kwamba msomaji asiye mwanahisabati anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi. Tatu, kompyuta ni msikilizaji wa aina yake. Binadamu akisikia neno limekosewa hukisia nia ya msemaji na kumsamehe. Kompyuta haikisii, hutenda ilichoambiwa. Kwa hiyo programu ni mizani nzuri ya kupimia fasili.

2. Irabu moja, dhana mbili

Namba 12 ikigawanywa kwa 3 haiachi baki. Kutokana na ukweli huu mmoja Kiswahili kimeunda nomino mbili. Namba 3 ni kigawo cha 12. Namba 12 ni kigawe cha 3. Wanafunzi hukutana na maneno haya katika vifupisho viwili mashuhuri: KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, na KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Kwa namba 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni irabu ya mwisho tu. Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa kero, kwa hoja kwamba mwanafunzi huchanganyikiwa kwa urahisi. Uchunguzi wa kimofolojia unaonyesha kwamba irabu hizo hazikuokotwa ovyo. Kiishio -o kina kazi nyingi katika Kiswahili, lakini kikiandamana na kiambishi ki- mara nyingi huunda jina la kitu kinachotendea kazi: kifuniko hufunika, kizibo huziba, kifungo hufunga. Kwa mantiki hiyo, kigawo ni kile kinachogawa. Kiishio -e, kwa upande wake, huelekea kutaja anayetendwa au kinachotendwa: mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa, mshinde ameshindwa. Hivyo kigawe ni kile kinachogawanywa. Kiishio hiki si zalishi sana katika Kiswahili cha leo, na huenda ndiyo sababu wanafunzi wengi huyakariri maneno haya bila kuiona mantiki yake. Hata hivyo mantiki ipo, na mwalimu anayeifahamu ana njia ya kuwasaidia wanafunzi wake kuliko kuwataka wakariri.

Uzito wa irabu hiyo unaonekana mara tu kazi inapokabidhiwa mashine. Vigawo vya 12 ni sita: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawe vyake ni 12, 24, 36, 48 na kuendelea pasipo kikomo. Kila namba ina vigawo vyenye ukomo na vigawe visivyo na ukomo. Basi agizo la kuhesabu vigawo vya 12 hukamilika na kutoa jibu 6. Agizo la kuhesabu vigawe vya 12 halikamiliki kamwe. Mashine itahesabu hadi izimwe. Irabu moja imetenganisha programu inayofika mwisho na programu isiyo na mwisho.

3. Kutoka fasili hadi mfuatano

Iwapo kila namba, kuanzia 1, itaandikiwa idadi ya vigawo vyake, mfuatano unaopatikana huanza hivi: 1, 2, 2, 3, 2, 4, 2, 4, 3, 4, 2, 6. Maana yake ni kwamba 1 ina kigawo kimoja, 2 ina viwili, 3 ina viwili, 4 ina vitatu, na kuendelea hadi 12 yenye sita. Mwanahisabati Neil Sloane, aliyeanza kukusanya mifuatano ya namba mwaka 1964 na kuchapisha kitabu chake cha kwanza cha mifuatano hiyo mwaka 1973, aliweka msingi wa ensaiklopidia ambayo sasa ina mifuatano zaidi ya 300,000. Mfuatano wa idadi za vigawo umepewa humo namba A000005. Ni miongoni mwa ile ya mwanzo kabisa.

Katika mfuatano huu namba 2 hujirudia mara kwa mara. Hujitokeza mahali pa 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea, yaani mahali pa namba tasa. Istilahi hii inastahili kutazamwa kwa makini. Tasa, katika matumizi ya kawaida, ni kiumbe kisichozaa. Sitiari hiyo inasaidia kumbukumbu, kwani namba tasa haina vigawo vya katikati ambavyo mtu angeweza kuviita watoto wake. Hata hivyo, kwa upande mwingine sitiari inapotosha: kila namba kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la namba tasa, kama vile 12 ilivyo 2 × 2 × 3. Zinazoitwa tasa ndizo zilizozizaa nyingine zote. Istilahi inaweza kuwa sitiari nzuri bila kuwa fasili, na mwanaisimu hana budi kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Fasili inayosikika mara nyingi husema kuwa namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Je, 1 ni tasa? Namba 1 inagawanyika kwa 1, na inagawanyika kwa yenyewe, na haina kigawo kingine. Kwa maneno ya fasili hiyo, imetimiza sharti. Tatizo limejificha katika kiunganishi na, ambacho huunganisha vitu viwili bila kuahidi kwamba vitu hivyo ni tofauti. Msomaji wa kawaida hudhani tofauti hiyo ipo, mashine haidhani. Fasili ya kuhesabu huondoa utata: namba tasa ni namba yenye vigawo viwili, si pungufu wala zaidi. Namba 1 ina kigawo kimoja tu, hivyo si tasa. Jambo hili si ubishi wa maneno matupu. Kama 1 ingekubaliwa kuwa tasa, 12 ingeweza kuandikwa kuwa 2 × 2 × 3, au 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na kanuni kwamba kila namba ina mchanganuo mmoja tu wa vigawo tasa ingevunjika.

Mchanganuo huo pia hutoa njia ya mkato ya kuhesabu. Namba 360 ni zao la 2 mara tatu, 3 mara mbili na 5 mara moja. Idadi ya marudio ya kila namba tasa huongezwa 1, kisha majibu huzidishwa: 4 × 3 × 2, yaani vigawo 24. Sababu yake ni nyepesi: anayeunda kigawo cha 360 ana chaguo nne kuhusu 2 (kutoitumia kabisa, kuitumia mara moja, mbili au tatu), tatu kuhusu 3, na mbili kuhusu 5.

4. Maelekezo kwa mashine

Programu, kwa kiini chake, ni maelekezo yaliyopangwa kwa hatua. Utaratibu rahisi kuliko wote wa kuhesabu vigawo unaweza kuandikwa kwa Kiswahili hivi:

Hatua ya 1: Pokea namba n.
Hatua ya 2: Weka idadi kuwa 0.
Hatua ya 3: Kwa kila k, kuanzia 1 hadi n, na n ikiwemo: ikiwa n ikigawanywa kwa k haiachi baki, ongeza 1 kwenye idadi.
Hatua ya 4: Toa idadi.

Ni kweli kwamba lugha nyingi za kuandikia programu zina maneno machache ya msingi yaliyochukuliwa katika Kiingereza. Maneno hayo si mengi, na mwandishi wa programu hujichagulia mwenyewe majina ya vitu anavyovitumia. Kwa kuwa othografia ya Kiswahili haina alama za juu wala za chini ya herufi, majina kama idadi, kigawo, baki na orodha hukubalika bila marekebisho yoyote. Kikwazo kimoja tu hujitokeza katika maneno yenye ng': kwa kawaida kibainishi hakiruhusiwi ndani ya majina hayo, na anayetaka kuhesabu ng'ombe hulazimika kutafuta tahajia nyingine.

Katika Hatua ya 3 yamo maneno “na n ikiwemo”. Maneno hayo si mapambo. Kihusishi hadi, sawa na mpaka, hakisemi chenyewe kama kikomo kinachotajwa kimo ndani au kimeachwa nje. Anayesema kwamba duka hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa huijumuisha Ijumaa. Anayesema amesubiri hadi saa kumi haijumuishi saa yote ya kumi. Wasikilizaji hutatua utata huo kwa muktadha. Lugha za programu zenyewe hutofautiana katika jambo hili: baadhi hukijumuisha kikomo na nyingine hukiacha. Programu itakayoiacha n nje itasema kwamba 12 ina vigawo vitano, na kwamba kila namba tasa ina kigawo kimoja.

Tofauti hiyo ya moja ina historia ndefu. Plato, katika kitabu chake kuhusu sheria, alipendekeza mji wenye raia 5,040, kwa hoja kwamba namba hiyo hugawanyika kwa njia nyingi, zikiwemo namba zote kuanzia 1 hadi 10, na hivyo kurahisisha ugawaji wa ardhi na wa majukumu. Alisema ina vigawo 59. Mchanganuo wa 5,040 ni 2 mara nne, 3 mara mbili, 5 na 7. Kwa kanuni iliyoelezwa, vigawo ni 5 × 3 × 2 × 2, yaani 60. Plato hakukosea. Hakuihesabu 5,040 yenyewe, na kwa mtu anayegawa watu katika makundi, kundi la watu wote si mgawanyo. Tofauti ya 59 na 60 ni tofauti ya fasili, wala si ya hesabu.

5. Chekeche: kutoka kigawo hadi kigawe

Utaratibu ulioelezwa juu ni sahihi, lakini ni wa polepole. Kupata idadi za vigawo kwa namba zote kuanzia 1 hadi 100, mashine itafanya majaribio 1 + 2 + 3 na kuendelea hadi 100, yaani 5,050. Kwa namba 1 hadi 10,000 majaribio hufikia 50,005,000.

Nafuu ya kwanza hutokana na ukweli kwamba vigawo huja kwa jozi. Katika 12, namba 1 huandamana na 12, 2 na 6, 3 na 4. Mashine ikikuta kigawo kidogo, imekwisha kumjua mwenziwe, na hivyo inatosha kujaribu hadi kipeuo cha pili cha n peke yake. Hapa pia Kiswahili kinadai umakini, kwa maana kipeo cha pili na kipeuo cha pili hutofautishwa na irabu u, inayomkumbusha msomaji kiambishi cha kutendua kilichomo katika funga na fungua. Kipeuo cha pili cha 10,000 ni 100. Kipeo chake cha pili ni 100,000,000. Kwa njia hii majaribio ya namba 1 hadi 100 hupungua hadi 625, na ya 1 hadi 10,000 hadi 661,750.

Nafuu ya pili ni kubwa zaidi, nayo haitokani na kuharakisha kazi ile ile bali na kuligeuza swali. Badala ya kuiuliza kila namba vigawo vyake ni vipi, kila namba huulizwa vigawe vyake viko wapi:

Hatua ya 1: Andaa orodha yenye nafasi 1 hadi N, na kila nafasi iwekwe 0.
Hatua ya 2: Kwa kila k, kuanzia 1 hadi N, na N ikiwemo: pita katika kila kigawe cha k kisichozidi N, na katika nafasi hiyo ongeza 1.
Hatua ya 3: Toa orodha.

Hapa hakuna kugawanya kabisa. Namba 1 hupita kila mahali. 2 hupita katika 2, 4, 6, 8. 3 hupita katika 3, 6, 9, 12. Na kila mpitaji huacha alama moja. Mwishoni, nafasi ya 12 ina alama sita, zilizoachwa na 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Mbinu hii ni ndugu ya chekeche la Eratosthenes, mtaalamu wa karne ya 3 kabla ya Kristo aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri, ambalo huzichekecha namba ili zibaki tasa tu. Idadi ya hatua za mbinu hii hulingana na jumla ya vigawo vyote: 482 kwa namba 1 hadi 100, na 93,668 kwa namba 1 hadi 10,000. Zaidi ya majaribio milioni 50 yamegeuka kuwa hatua zisizofika laki moja.

Takwimu hizo hueleza jambo jingine pia. Wastani wa vigawo kwa kila namba ni 2.7 katika namba 10 za kwanza, 4.82 katika 100 za kwanza, na takriban 9.37 katika 10,000 za kwanza. Mwanahisabati wa Ujerumani, Dirichlet, alithibitisha mwaka 1849 kwamba wastani huo hukua kwa mwendo wa logi asilia, yaani polepole mno.

Kwa mwanaisimu, sehemu hii ndiyo kiini cha hoja. Kigawo na kigawe ni nomino mbili za uhusiano mmoja, ukitazamwa upande wa mtenda na upande wa mtendwa. Taratibu mbili za kuhesabu zinafuata pande hizo hizo: ya kwanza hutafuta vinavyogawa, ya pili hutafuta vinavyogawanywa. Jibu ni moja. Gharama ni tofauti sana. Jozi ya -o na -e, inayodhaniwa kuwa mtego wa wanafunzi, imebeba ndani yake wazo ambalo mwandishi wa programu hulihitaji.

6. Shufwa, witiri na namba zenye vigawo vingi

Kiswahili kina istilahi nyingine mbili za zamani zilizotoka katika Kiarabu: shufwa, namba inayogawanyika kwa 2, na witiri, isiyogawanyika kwa 2. Neno la pili hujulikana pia kwa sala ya witiri. Kwa kuwa vigawo huja kwa jozi, idadi yake kwa kawaida ni shufwa. Huwa witiri pale tu kigawo kimoja kinapokuwa mwenzi wake mwenyewe, kama 6 katika 36. Hivyo idadi ya vigawo ni witiri kwa namba 1, 4, 9, 16, 25, 36 na nyingine zilizo vipeo vya pili, na kwa hizo tu.

Mfuatano mwingine hupatikana kwa kuchagua kila namba yenye vigawo vingi kuliko namba zote zilizoitangulia: 1, 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120, 180, 240, 360. Srinivasa Ramanujan wa India aliziandikia namba hizi makala ndefu mwaka 1915. Msomaji atazitambua baadhi yake katika maisha ya kila siku: saa 12 za mchana na 12 za usiku, dakika 60, nyuzi 360 za duara. Vipimo hivyo vimedumu kwa sababu hugawika bila kuacha vipande.

Mfano wa mwisho unarudisha mjadala kwenye kompyuta. Baadhi ya namba hugawanyika kwa idadi ya vigawo vyake. Namba 12 ina vigawo sita, na 6 ni kigawo cha 12. Chini ya 100 zipo 16: 1, 2, 8, 9, 12, 18, 24, 36, 40, 56, 60, 72, 80, 84, 88 na 96. Curtis Cooper na Robert Kennedy walizifasili mwaka 1990. Mwishoni mwa miaka ya 1990, pasipo kuijua kazi hiyo, programu iliyoitwa HR, iliyoandikwa na Simon Colton katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kupewa jina kwa heshima ya Hardy na Ramanujan, ilizibuni upya kwa kuunganisha dhana mbili ilizopewa: kugawanyika na kuhesabu vigawo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1999.

Kutokana na istilahi za sehemu hii, sifa moja ya namba hizo huthibitishwa kwa Kiswahili katika sentensi tatu. Namba witiri haina kigawo kilicho shufwa. Basi namba witiri ya aina hii, kwa kuwa inagawanyika kwa idadi ya vigawo vyake, lazima idadi hiyo iwe witiri. Na idadi ya vigawo ikiwa witiri, namba yenyewe ni kipeo cha pili, kama zilivyo 1, 9 na 225.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu hauonyeshi kwamba Kiswahili hakina upungufu. Hadi ina utata, na na huficha dhana; lakini upungufu huo unazipata pia lugha nyingine, na tiba yake ni moja kwa zote: kuandika kwa ukamilifu zaidi. Kinachodhihirika ni kwamba viishio vya Kiswahili, miundo yake ya masharti na istilahi zake za kale vinatosha kueleza fasili, utaratibu na uthibitisho.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi nchini Tanzania, ilhali katika shule za sekondari hisabati imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayejua kigawo ni nini hujikuta akijifunza upya, kwa maneno mengine, jambo alilokwisha kulielewa, na asipolitambua katika vazi lake jipya huhesabiwa kuwa halijui. Hasara hiyo haiponywi kwa orodha za istilahi pekee. Kamusi za istilahi hutoa kisawe na kuishia hapo. Zingefaa zaidi iwapo kila istilahi ya hisabati na kompyuta ingeandamana na fasili iliyojaribiwa na utaratibu mfupi unaoitumia. Wanaisimu wanayo sehemu yao katika kazi hiyo, kwa kuwa wao ndio wenye ujuzi wa kueleza kwa nini kigawo kina -o na kigawe kina -e. Lugha hupata ukamilifu kwa kupewa kazi zinazoudai, na kuhesabu vigawo ni kazi ndogo inayofaa kuanza nayo.